Mwanga wa Leza na Kuacha Sigara: Yampasayo Mwanachama Kuyajua Kabla ya Kulipa

Msimu wa malipo ya mazao ni msimu wa wauzaji pia. Mkulima anapopokea haki yake chamani, hukutana na wenye mabati, wenye baiskeli, wenye redio, na wenye dawa za kila maradhi. Katika bidhaa hizo zote, zihusuzo afya ndizo ngumu kupita nyingine kuzipima. Bati bovu huvuja mvua ya kwanza na kila mtu akaona. Lakini tiba isiyofaa huweza kuuzwa miaka mingi bila ya kasoro yake kudhihirika.

Makala haya yaeleza tiba moja iliyojadiliwa sana katika nchi za ng'ambo, nayo ni tiba ya mwanga wa leza kwa watu wanaotaka kuacha kuvuta sigara. Vituo vyake vimekuwako Kanada, Marekani na Uingereza, na matangazo yake siku hizi humfikia mtu yeyote mwenye simu ya mkononi. Shabaha ya maelezo haya ni kumwezesha katibu wa chama cha msingi kumjibu mwanachama atakayeuliza, na kuiwezesha bodi kuamua kwa busara iwapo italetewa ombi la kukata fedha za wanachama kwa ajili ya tiba kama hiyo.

SIGARA HUMSHIKAJE MTU

Hapana budi kwanza kufahamu ni kitu gani kinachomfunga mvutaji. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na miongoni mwake zipo zipatazo 70 zijulikanazo kuwa huleta saratani. Lakini kinachomrudisha mtu kwenye sigara ni kimoja, nacho ni nikotini. Mtu avutapo pumzi ya moshi, nikotini huingia mapafuni, ikachukuliwa na damu, na kuufikia ubongo katika muda wa sekunde 10 hadi 20 hivi. Humo huamsha hali ya raha na utulivu. Baada ya saa mbili hivi nusu yake huwa imekwisha kutoka katika damu, na ubongo ukaanza kudai tena. Kwa sababu hiyo mvutaji mzoefu huwasha sigara moja baada ya nyingine toka asubuhi hadi usiku, wala si kwa kukosa haya wala akili.

Anapoacha ghafula, mwili hulalamika. Mtu hukosa usingizi, huwa mwepesi wa hasira, hushindwa kutuliza mawazo, hula kuliko kawaida, na hamu ya sigara humjia kwa mawimbi. Hali hiyo, ambayo vijana wa mjini huiita arosto, huanza katika siku ya kwanza, huwa kali katika juma la kwanza, kisha hupungua kwa majuma matatu au manne. Wengi wa wanaojaribu kuacha huanguka katika siku hizo za mwanzo. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba katika kila watu 100 wanaojaribu kuacha peke yao, pasipo msaada wowote, 3 hadi 5 tu ndio wanaokuwa hawavuti tena baada ya miezi sita hadi mwaka.

Idadi hiyo ndogo ndiyo inayowapa soko wauzaji wa kila aina. Mtu aliyekwisha kuanguka mara nne atamsikiliza yeyote ambaye amwambia kwamba atamtoa kifungoni kwa saa moja.

LEZA NI NINI

Leza ni mwanga wa namna ya pekee. Mwanga wa taa ya kandili hutawanyika pande zote na ndani yake mna rangi nyingi zilizochanganyika. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, nao huenda kwa mstari mwembamba pasipo kutawanyika sana. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei, 1960, kwa kutumia fimbo ya kito cha yakuti.

Nguvu za leza hazilingani. Zipo zinazokata chuma, zipo zitumiwazo na madaktari wa macho, na zipo hafifu sana zisizoweza kuchoma hata karatasi. Inayotumiwa katika tiba ya kuacha sigara ni hiyo hafifu, ambayo huitwa pia leza baridi kwa kuwa haiipashi ngozi joto la kusikika. Habari za matumizi yake kwa mwili zilianza mwaka 1967 mjini Budapest, nchini Hungaria, ambako daktari Endre Mester aliwamulika panya walionyolewa manyoya akaona manyoya yao yakiota upesi zaidi. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiichunguza leza hafifu kwa maumivu na vidonda. Nchini Marekani mwaka 2002 kifaa kimoja cha aina hiyo kiliruhusiwa kuuzwa kwa ajili ya maumivu ya kifundo cha mkono.

Jambo hilo linafaa kuangaliwa kwa makini. Ruhusa iliyotolewa kwa ajili ya maumivu ya mkono si ruhusa kwa ajili ya kuacha sigara, kama vile leseni ya kuuza mbegu isivyokuwa leseni ya kuuza dawa ya mifugo. Muuzaji anaposema kwamba kifaa chake "kimeidhinishwa", swali la kwanza la kumwuliza ni: kimeidhinishwa kwa kazi gani?

MADAI YA WAUZAJI

Tiba yenyewe ni rahisi kuieleza. Mteja huketishwa kitini, na mhudumu humwekea ncha ya kifaa kwenye sehemu fulani za masikio, na pengine za uso na mikono, kwa sekunde chache kila mahali. Kazi yote huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa moja, nayo haiumi. Mara nyingi mteja hupewa pia mawaidha: anywe maji mengi, atupe vibiriti na visahani vya majivu, aepuke marafiki wavutaji kwa siku kadhaa.

Sehemu zinazomulikwa zimetokana na tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, ambayo ni ya kale sana. Ramani ya sikio inayotumiwa na wengi ni mpya zaidi. Ilitungwa na daktari Mfaransa, Paul Nogier wa Lyon, katika miaka ya 1950. Fikra ya kuitumia tiba hiyo kwa uraibu ilipata nguvu kutoka Hong Kong. Huko, mwaka 1972, daktari wa upasuaji wa ubongo, H. L. Wen, aliwachoma wagonjwa sindano zenye umeme mdogo ili kupunguza maumivu, na wale waliokuwa wazoefu wa kasumba wakamwambia kwamba mateso ya kuikosa yalikuwa yamepungua. Baadaye wengine wakaiacha sindano na kuchukua mwanga.

Wauzaji hudai kwamba mwanga huo huufanya mwili utoe endofini, yaani kemikali za asili zinazotuliza maumivu na kuleta raha, na kwamba endofini hizo hukaa mahali pa nikotini mpaka siku za mateso zipite. Madai hayo yana sura ya elimu. Lakini dai la namna gani kitu kinavyofanya kazi huja baada ya swali jingine lililo kubwa zaidi: je, kinafanya kazi?

MIZANI YA WATAALAMU

Kila mwanachama ajua thamani ya mizani. Mkulima hapokei malipo kwa uzito uliokisiwa kwa macho, wala karani hawezi kujiandikia kilo bila ya mzigo kupanda mizani mbele ya watu. Tiba nayo ina mizani yake, ambayo ni hii: watu wanaotaka kuacha sigara hugawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza humulikwa kwa leza ya kweli. Kundi la pili huwekewa kifaa kilekile, mahali palepale, kwa muda uleule, lakini kifaa hakitoi mwanga wa tiba. Kwa kuwa baadhi ya leza hizo mwanga wake hauonekani kwa macho, mteja hawezi kujua yumo kundi gani. Baada ya miezi sita makundi yote mawili huhesabiwa. Ikiwa waliomulikwa kweli wameacha kwa wingi zaidi kuliko wenzao, tiba ina nguvu. Ikiwa wamelingana, nguvu haikuwa katika mwanga.

Mwaka 2014 shirika la kimataifa la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kuchuja majaribio ya tiba, lilitoa mapitio ya majaribio 38 ya kuacha sigara kwa sindano, kwa kubonyeza, kwa umeme na kwa leza. Kuhusu leza, majaribio yaliyokuwepo yalipingana, hata haikuwezekana kuyajumlisha. Hitimisho la mapitio hayo lilikuwa kwamba hapakuwa na ushahidi thabiti, usio na upendeleo, kuonyesha kwamba tiba hizo humwezesha mtu kukaa bila ya sigara kwa miezi sita au zaidi.

Yafaa kueleza pia jinsi takwimu za matangazo zinavyopatikana, maana makatibu ni watu wa hesabu. Ichukuliwe kwamba kituo kimewatibu watu 100. Baada ya mwezi mmoja kinawapigia simu. Watu 40 wanapokea, na 60 hawapokei. Katika wale 40, watu 32 wanasema wameacha. Kituo kinaandika katika tangazo lake kwamba asilimia 80 wamefaulu. Lakini waliotibiwa walikuwa 100, na aliyerudia sigara mara nyingi haoni raha kupokea simu ya aliyemtibu. Kwa hesabu ya haki waliofaulu ni 32 katika 100, tena ni kwa neno la mdomo tu, tena ni kwa mwezi mmoja. Kufanya hivyo ni sawa na chama kuhesabu mikopo ya wale tu waliokuja ofisini kulipa, kisha kuutangazia mkutano mkuu kwamba mikopo karibu yote imerudi. Mkaguzi wa hesabu hawezi kukubali hivyo, na mwanachama asikubali.

Watafiti waangalifu hufanya namna nyingine. Asiyepatikana huhesabiwa kuwa anavuta, na anayesema ameacha hupuliza pumzi katika kifaa kinachopima hewa ya moshi, ili neno lake lithibitishwe.

KWA NINI WENGINE HUACHA BAADA YA KUTIBIWA

Haina maana kwamba kila asimuliaye kuwa aliacha kwa leza ni mwongo. Wapo walioacha kweli. Mtu anayefunga safari kwenda kwenye kituo, akatoa dola mia kadhaa, akawaambia mkewe na watoto wake kwamba siku fulani ndiyo mwisho, amekwisha kufanya mambo makubwa matatu: ameamua, ameweka siku, na amejifunga mbele ya watu. Akipewa na mawaidha mema, na mtu wa kumwuliza hali baada ya siku tatu, nafasi yake ya kushinda huongezeka hata kama taa haikuwaka. Imani ya mteja nayo hupunguza uchungu wa siku za kwanza. Mambo hayo yote yana faida, lakini yanaweza kupatikana kijijini bila ya kununua mwanga.

HASARA IKO WAPI

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mwanga hauumi, kuna ubaya gani kujaribu? Hasara ya kwanza ni fedha. Ada ya tiba hiyo ng'ambo ni kubwa kuliko pato la msimu la wakulima wengi, na fedha hiyo ingelipa karo au pembejeo. Hasara ya pili ni macho, kwani leza ikielekezwa jichoni huweza kuleta madhara, na mhudumu asiyefunzwa ni hatari.

Hasara ya tatu ndiyo kubwa. Mtu akishindwa baada ya kulipa ghali, huondoka na fikra kwamba hata wataalamu wameshindwa naye, na kwamba yeye si wa kuacha. Huendelea kuvuta miaka mingine kumi. Miaka hiyo ina bei yake. Huko Uingereza madaktari wanaume 34,439 walifuatiliwa tangu mwaka 1951, na mwaka 2004 Richard Doll na wenzake walitoa matokeo ya miaka 50. Wavutaji walipoteza, kwa wastani, miaka 10 hivi ya maisha. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walijipatia miaka 3 hivi. Walioacha wakiwa na 50 walipata 6. Wenye 40 walipata 9. Na walioacha wakiwa na 30 waliikomboa karibu yote 10. Basi mwanachama wa miaka 40 anayepotezwa njia mpaka afike 50 amepokonywa miaka mitatu, hata kama muuzaji atamrudishia kila senti.

NJIA ZILIZOPIMWA NA KUKUBALIWA

Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Leza haimo kati ya dawa na njia zilizopendekezwa humo. Zilizomo ni hizi:

Kwanza, ushauri wa mhudumu wa afya. Hata maneno ya dakika chache, yakisemwa kila mara mvutaji anapofika zahanati, huongeza idadi ya wanaoacha. Ushauri wa vikao kadhaa, wa mtu mmoja au wa kikundi, una nguvu zaidi.

Pili, nikotini isiyo na moshi, nayo hupatikana katika kibandiko cha ngozi au ubani wa kutafuna. Humpa mtu kiasi kidogo cha nikotini bila ya lami na sumu nyingine za moshi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo. Majaribio mengi yameonyesha kwamba huongeza nafasi ya kufaulu kwa nusu hivi: mahali ambapo wangeacha watu 10, huacha 15.

Tatu, dawa za vidonge za vareniklini, bupropioni na sitisini. Hii ya mwisho hutokana na mmea, nayo imetumiwa nchini Bulgaria tangu miaka ya 1960. Dawa hizi hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Mwenye kifafa, kwa mfano, hapaswi kupewa bupropioni. Mwaka 2021 vareniklini na bupropioni ziliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu, ambamo nikotini ya kibandiko na ya ubani ilikuwamo tangu mwaka 2009.

Ushauri na dawa vikienda pamoja hushinda kimoja peke yake. Hata hivyo, hakuna njia iliyo na hakika ya mia kwa mia, na wengi walioacha kabisa walianguka mara kadhaa kabla ya kusimama. Kuanguka si ushahidi wa udhaifu. Ni sehemu ya safari.

VYAMA VYA WAKULIMA WA TUMBAKU

Katika vyama vya Tabora, Urambo, Chunya na kwingineko ambako tumbaku ndiyo zao la biashara, jambo hili huonekana zito kusemwa. Lakini mkulima wa tumbaku ana sababu zaidi ya wengine ya kuifahamu nikotini, kwa kuwa humwingia hata asipovuta. Majani mabichi yakiwa na umande au mvua, nikotini hupita katika ngozi ya mchumaji, ikamletea kizunguzungu, kutapika na udhaifu. Wengi hudhani ni malaria au njaa. Kuchuma baada ya umande kukauka, kuvaa glavu na nguo za mikono mirefu, kubadili nguo zilizolowa, na kuwaepusha watoto na wajawazito na kazi hiyo ni kinga ya lazima. Zao huuzwa kwa mapatano ya soko. Afya ya mwanachama haimo katika mapatano hayo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Kenya mwaka 2004. Kifungu cha 14 cha mkataba huo huzitaka nchi ziwasaidie raia wanaotaka kuacha. Mwanachama anayeomba msaada zahanati, basi, haombi hisani.

YAWEZAYO KUFANYWA NA CHAMA

Bodi ya chama cha msingi yaweza kuchukua hatua zifuatazo bila ya gharama kubwa.

1. Chama kisikubali kukata malipo ya wanachama kwa ajili ya tiba yoyote ya kuacha sigara kabla ya mganga wa wilaya kuombwa ushauri, na jibu lake kusomwa katika kikao na kuandikwa katika kumbukumbu.

2. Muuzaji atakiwe kujibu kwa maandishi: kifaa kimeruhusiwa na nani na kwa kazi gani; kati ya watu wote waliotibiwa, wangapi walikuwa hawavuti baada ya miezi sita; walilinganishwa na nani; na nini hurudishwa endapo tiba itashindwa. Asiyetaka kuandika asipewe nafasi ya kusema mkutanoni.

3. Uvutaji upigwe marufuku katika mikutano, ofisini na ghalani. Ghala la pamba au la magunia halihitaji zaidi ya kichungi kimoja kuteketeza jasho la msimu mzima.

4. Wanaotaka kuacha waandikishwe, wapangiwe siku moja, na kila mmoja apewe mwenzi wa kumwuliza hali kila siku kwa mwezi wa kwanza. Tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, yaweza kuwa siku hiyo. Mhudumu wa zahanati aalikwe kuwashauri.

5. Katibu amsaidie kila mmoja kupiga hesabu yake. Mwenye kuvuta sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka. Idadi hiyo izidishwe kwa bei ya sigara moja dukani, na jumla iandikwe kando ya hisa zake chamani. Wengi watastaajabu kuona ni upi kati ya mifuko hiyo miwili waliouchangia zaidi.

Ushirika ulianzishwa kwa sababu mkulima aliyekuwa peke yake mbele ya mnunuzi alipunjwa. Mvutaji aliye peke yake mbele ya muuzaji wa tiba naye yumo katika hatari hiyohiyo. Chama kilichomfundisha kusimamia mizani ya mazao yake kinaweza kumsaidia kudai mizani katika jambo hili pia, na kumpa kile ambacho leza haikuwa nacho: jirani atakayebisha hodi siku ya tatu, hamu inapokuwa kali kuliko siku zote, akauliza, "Umeshindaje leo?"